Abti Sahal na Fimbo za Kulaza Bunduki

Mzigo ulifika Garissa juu ya lori la mbuzi, umefungwa kwa gunia la sukari na kamba, na kabla sijaufungua nilijua ni nini. Pua yangu ndiyo ilijua. Mafuta ya mkia wa kondoo yakikaa kwenye mti miaka mingi hayanuki tena kama mafuta. Yananuka kama mtu. Kijana wa lori akaushika kwa vidole viwili akaniuliza, "Dada, umeletewa maiti ya nani?" Nikamwambia ni ya abti yangu, kaka ya mama, shusha polepole usije ukamuamsha. Akacheka. Mimi sikucheka, na wanaonijua pale sokoni wanajua hilo ni jambo la kuitiwa shekhe.

Ndani kulikuwa na fimbo tatu za mti wa mkole, nyeusi kwa kushikwashikwa, zimefungwa pamoja karibu na juu kwa ukanda wa ngozi ya ngamia. Ukizisimamisha zinapanua miguu mitatu, na pale juu zinapokutana panabaki kikalio cha kulaza mtutu wa bunduki. Hiyo ndiyo kazi yake, basi. Ni za mtu ambaye mkono wake hauwezi kubeba bunduki bila kutetemeka. Nilizisimamisha chumbani nizione vizuri, nikarudi nyuma, nikaona mtu mwembamba asiye na kichwa amesimama kwenye kona yangu. Nikazilaza chini haraka. Abti mwenyewe alinifundisha hivyo: kama hazina bunduki, zilale.

Nyinyi mliokulia kwenye herio, zile nyumba zetu za fito na mikeka, mnajua hakuna siri ndani yake. Mtu akikohoa huku, kule wanasema pole. Sisi tulikuwa nje ya Bura, mbali kidogo na maduka, mwendo wa punda asiye na haraka. Aabo, baba yangu, alikuwa ameenda mbali pamoja na ngamia, anafuata mvua. Nyumbani kulikuwa na hooyo, yaani mama, ayeeyo ambaye alikuwa mama yake hooyo, mimi mwenye mdomo, na Abti Sahal, kijana mrefu ambaye alikuwa hajaoa. Hilo ayeeyo alimkumbusha kila akimimina chai.

"Sahal, mbuzi wote wameoa, umebaki wewe."

"Hooyo, mbuzi hawaulizwi ukoo wao."

"Na wewe nani amekuuliza?"

Nilimpenda kuliko watu wote. Alikuwa akinibeba begani mpaka kisimani na kunifanya nisalimie miti kwa heshima, mmoja mmoja, eti ni wazee wa baraza. Mpaka leo nikipita mti peke yangu mdomo unataka kutoa salamu.

Halafu fisi akaanza.

Fisi wa kawaida tunamjua. Ana kelele, anacheka mwenyewe, anakuja kama mgeni wa harusi ambaye hakualikwa. Huyu hakuwa na sauti. Asubuhi unakuta boma la miiba halijasogea hata tawi, mbwa amelala amefumba macho kama amepewa kitu, na mbuzi mmoja hayuko. Hakuna damu, hakuna manyoya. Ni nyayo tu: tatu nzuri, na ya nne inaburuta mchanga, mguu wa nyuma wa kushoto. Mbuzi waliobaki walikuwa wamesimama upande mmoja wa boma, wameelekea huku kwenye herio, wanatuangalia. Hawakuangalia porini alikotoka fisi. Walituangalia sisi. Hilo nililiona mimi na ayeeyo peke yetu.

"Huyo hakuzaliwa fisi," ayeeyo akasema, akifuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari.

Akanieleza habari ambayo kwetu kila mtoto anapewa pamoja na maziwa. Kuna mtu ambaye mchana ni mtu kamili. Anaswali, anakula, anakutania. Jua likizama anachukua fimbo yake, anaisugua, anajisugua nayo mwilini, na anaondoka akiwa fisi. Kabla ya alfajiri anajisugua tena, anarudi kwenye mkeka wake, anakuamkia vizuri tu. Watu wake hawajui. Mbwa wake habweki, atabwekaje na anamjua?

"Utamjuaje, ayeeyo?"

"Kwa fimbo. Na fisi akiumia mguu, mtu naye anachechemea."

Sasa, mwenye bunduki pande ile yote alikuwa Mzee Bulle, polisi wa akiba, sisi tulimwita homgadi. Zamani alikuwa na shabaha kali sana. Habari hiyo tuliipata kutoka kwake mwenyewe. Halafu ngamia dume akamng'ata mkono wa kushoto, mfupa ukapona umepinda, na tangu hapo akinyanyua bunduki mtutu unacheza kama mkia wa mwanambuzi anayenyonya. Mara ya mwisho kupiga fisi alitoboa tangi la maji la shule, na sisi watoto tukaoga bure mpaka jioni.

Abti Sahal akamwambia, "Adeer, mzee wangu, jicho lako ni zima. Tatizo ni mkono. Nitakutengenezea mkono mwingine."

Nilikuwa pale, niliisikia kwa masikio yangu. Mkono mwingine.

Akaenda kukata mkole, matawi matatu yaliyonyooka, mabichi. Akayapitisha juu ya moto, akikanyaga na kukunja pale palipopinda, mti ukilia kidogo kama mtoto anayenyolewa. Akamenya ganda, akaweka kivulini, maana jua lingeyapasua. Ncha za chini akazichonga akazichoma kwenye majivu mpaka zikawa ngumu kama kwato. Ukanda wa ngozi akaulowesha, akauzungusha kati ya fimbo hii na hii, akauacha ukauke na kujibana wenyewe. Juu akafunika kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, chuma kisije kikagonga mti kikatoa sauti. Na urefu aliupima kwa Mzee Bulle mwenyewe, amekaa juu ya mtungi wa maji wa plastiki, kutoka mchangani mpaka kidevuni, mimi nikishika kamba.

"Shika sawa, naa, wewe msichana! Au unampimia kaburi?" Abti akaniuliza.

"Astaghfirullah," Mzee Bulle akasema, akanyoosha shingo apimwe vizuri.

Mpaka hapo nilikuwa na furaha. Ubaya ulianza jioni moja nilipotumwa nimpelekee Abti chai.

Ilikuwa saa ile jua limeingia na vivuli havina mwenyewe. Abti alikuwa amekaa nyuma ya herio, amenipa mgongo, fimbo moja iko mapajani. Karibu yake kopo la mafuta ya mkia. Anachota, anasugua fimbo juu, anasugua chini, polepole, huku ananong'ona maneno ambayo sikuyashika. Mbwa amelala miguuni pake, kimya. Halafu, mikono ikiwa imejaa mafuta, akajipaka. Viganja, mikono, miguu, mpaka nyuma ya magoti. Akainuka, akavaa shuka lake la rangi ya vumbi, akaelekea porini.

Akichechemea. Mguu wa kushoto.

Alikuwa amekanyaga mwiba siku chache kabla, mwiba huo niliutoa mimi kwa sindano ya hooyo. Lakini ukiwa mtoto, na habari yote imekuja na kukaa mbele yako kama mgeni, mwiba ni kitu gani? Chai ile sikuimwaga. Niliinywa mimi, yote, kwa hofu. Na asubuhi mbuzi mmoja hakuwepo.

Nikaanza uchunguzi. Nilimchungulia meno akipiga mswaki wa mti, nikaona ni marefu. Nikamnusa, ananuka mafuta. Nikampa mfupa wa mbuzi uliobaki kwenye sinia, nione tu. Akautafuna mpaka ukasema kra, akanyonya uboho, akanishukuru. Nikafunga uchunguzi.

Sikumwogopa, na hilo ndilo gumu kueleza. Nilikuwa ninamwonea huruma. Niliona anatengeneza kwa mikono yake mwenyewe kitu cha kumuua, anakimenya, anakipaka mafuta, na hajui. Mchana hakumbuki. Mimi peke yangu ndiye ninayejua, na nina mdomo mkubwa ambao kwa mara ya kwanza haukuwa na pa kusemea. Nimwambie hooyo, huyo ni kaka yake. Nimwambie ayeeyo, huyo ni mwanawe. Nikimwambia Mzee Bulle, ataona nimemrahisishia kazi.

Siku ya siku ikafika. Mbuzi mzee aliyekufa kwa ugonjwa akaburutwa mpaka njia ambayo zile nyayo zilipenda kupita, akafungwa kwa waya kwenye kisiki. Upande wa huku Abti akapanga matawi ya miiba kama ukuta, nyuma yake mtungi wa kukalia, mbele ya mtungi zile fimbo tatu. Alizichimbia vishimo, kila mguu na chake, mchana kweupe, akalaza bunduki, akatazama kwa jicho moja muda mrefu, akabonyeza udongo na kisigino.

"Adeer, usisogeze kitu," akamwambia Mzee Bulle. "Giza likiingia huna haja ya kuona. Kitu chochote kikisimama pale, fimbo zinakiona."

Nikamfuata nyuma mpaka herioni. Akachukua kopo la mafuta.

"Abti, leo usijipake."

"Kwa nini? Miguu yangu imekuwa kama ukuta wa chokaa."

"Leo usiende, wallahi, Abti. Leo tu."

Akacheka, akachuchumaa mbele yangu, akaangalia huku na huku kama ayeeyo yuko karibu. "Sikiza. Kuna mtu ananingoja. Nisipoenda leo nitakufa. Umesikia? Na wewe usimwambie mtu." Akanipaka mafuta puani, kwa mchezo, akaondoka. "Nitazungukia upande wa kisima. Nitarudi mapema," akasema.

Nilibaki na tone lile puani. Nililisugua na mchanga mpaka pua ikatoka damu kidogo.

Kisha nikaenda kwa Mzee Bulle. Alikuwa ameshakaa juu ya mtungi, kidevu kwenye bunduki, mkono mbovu umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Naa! Nani amekuleta hapa?"

"Ayeeyo amesema nikuletee maji."

"Maji yako wapi?"

"Nimekunywa."

Alinitazama. Alitaka kunifukuza, lakini mwanga ulikuwa umeshakuwa wa majivu na hakutaka kupiga kelele. "Kaa chini. Funga mdomo. Ukikohoa nakugeuzia wewe."

Nikakaa karibu na mguu mmoja wa zile fimbo. Harufu ya mafuta ikanijia. Kanga walikuwa wanapiga kelele mitini, halafu wakanyamaza wote pamoja, kama mtu amewafungia mlango. Hata nzi waliokuwa kwenye ule mzoga sikuwasikia. Nikamnong'oneza, "Adeer. Fisi akiwa na mtu ndani yake, risasi inaua nani?"

Akasogeza kidevu kwenye bunduki.

"Inaua wote wawili," akasema.

Ndipo kikatokea. Hakikutoka upande wa kisima. Kilitoka moja kwa moja kwenye ile njia, chini chini, kimeinama, rangi ya vumbi juu ya vumbi. Hatua, hatua, hatua, halafu kuburuta. Hatua, hatua, hatua, kuburuta. Mtu ana miguu miwili, mnajua. Mimi nilisikia minne. Kikafika kwenye mbuzi, kikasimama. Kikateremsha kichwa.

Mzee Bulle akasema bismillah, na kidole chake kikaingia mahali pake. Mtutu ulikuwa umetulia kabisa, haujawahi kutulia hivyo. Abti alikuwa fundi.

Sikuwaza kama ni mtu au ni fisi. Nilijua tu ni yeye, kwa ngozi yoyote aliyokuwa amevaa. Nikapiga kelele, "Abtii!" nikaukumbatia ule mguu wa fimbo nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ukateleza mikononi kwa mafuta, nikaushika tena, ukang'oka. Bunduki ikaenda juu na ikalia. Ilikuwa kama mbingu imepigwa kofi. Kanga wote wakaruka. Nikanusa baruti, na mchanga mdomoni, na kwenye njia kile kitu hakikukimbia.

Kikainuka. Kikawa kirefu. Kikawa na shuka.

"Adeer?" kikasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwenye usingizi wa mchana. "Mbona mnapiga?"

Mzee Bulle alishuka kwenye mtungi akakaa mchangani. Mkono wake mzima ndio uliokuwa unatetemeka sasa; ule mbovu ulikuwa umetulia. "Mimi nimeona fisi," akarudia, akinishika bega kwa kuumiza. "Naapa kwa Mungu nimeona fisi. Maandhay, binti yangu, wewe umemwonaje?"

"Nilijua ni yeye," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo sikuongeza.

Pale nyumbani siri ya Abti ikatoka mbele ya chai. Nyuma ya ile njia kuna kichuguu kikubwa, na juu yake, ukisimama na kuinua simu, unapata mtandao. Kila jioni alikuwa anakwenda kuongea na msichana wa Hagadera, Halima, ambaye alimwona sokoni siku moja akibishana na mwenye mkokoteni wa punda na akashinda. Ndiyo maana ya kunong'ona: alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Mafuta ni ya fimbo zisipasuke na miguu isipauke. Hooyo alicheka mpaka akalala chini. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaenda nyuma ya herio nikatapika, nikarudi nikacheka tena. Watu wa Bura wakanipa jina, mtoto mwenye jicho la mwewe.

Ayeeyo hakucheka. Alimwangalia Abti, akaniangalia mimi na pua yangu iliyochubuka. Alfajiri akachukua kopo la mafuta akalifukia mbali, na wiki ile ile akavaa viatu vyake vizuri akaenda Hagadera kumposa Halima yeye mwenyewe.

Nyayo tuliziona asubuhi, mimi na Abti. Kutoka kwenye kichuguu mpaka kwa ule mbuzi kulikuwa na za mtu na za fisi, hizi juu ya hizi, zimekanyagana kiasi kwamba huwezi kusema nani alitangulia na nani alifuata. Baada ya hapo za fisi hazikuendelea, na hazikurudi. "Alikuwa ananifuata," Abti akasema. "Risasi ikamtisha." Lilikuwa jibu zuri, na sote tulilichukua. Fisi yule hakuonekana tena mpaka tulipohama.

Nilipokua nilimweleza Abti yote, mwiba, mfupa, uchunguzi. Alicheka akafuta machozi kwa shuka. Kisha akasema, "Lakini mimi nilipitia upande wa kisima. Hata leo nakumbuka nimepitia kisima." Nikasubiri utani uje. Haukuja. Akaniomba sukari.

Mwaka huu kifua kilimshika na hakikumwachia. Nilikwenda Bura kwenye matanga. Wanawake walipotoka, Halima, mjane wake, akanivuta karibu. Yeye ndiye aliyetuma huu mzigo baadaye. Alisema Abti ameacha neno, fimbo apewe yule mwenye kelele. Nikamtania kidogo, maana ndivyo ninavyolia mimi. Nikamwambia, wewe na simu yako nusura mumuue siku ile.

Akanitazama. "Siku ya bunduki?"

"Ndiyo. Ulimweka sana."

"Nilimpigia," akasema. "Alishika simu lakini hakusema kitu. Mimi ndiye nilikuwa naongea, nikadhani anasikiliza. Alikuwa anapumua tu. Kwa nguvu, kama mtu anayekimbia na kichwa kimeinama. Sikumuuliza mpaka amekufa. Ningemuuliza vipi?"

Sasa ni kiangazi hapa Garissa. Fimbo zimeanza kupasuka kwenye ncha, na sitaki zipasuke, ndicho kitu chake pekee nilicho nacho. Kwa hiyo leo nimenunua mafuta ya mkia, nimekaa mlangoni, fimbo mapajani, nimesugua juu, nimesugua chini, polepole, kama nilivyomwona. Nilikuwa ninanong'ona. Nilikuwa ninamwambia mambo ya sokoni, nani amemtukana nani, vitu ambavyo angevipenda. Nilipomaliza, mikono ilikuwa imejaa mafuta, na kwenye misikiti walikuwa wanaadhini magharibi.

Paka wa jirani, ambaye huwa ananilalamikia kila siku, alikuja akalala miguuni pangu, kimya.

Nikaangalia miguu yangu. Imekuwa kama ukuta wa chokaa. Bomba liko pale uani, na sabuni ipo. Lakini nikafikiri: kama kuna njia ya kwenda kule alikokuwa anakwenda jioni zile, basi ninayo kiganjani.

Nikajipaka mguu mmoja. Ule mwingine nimeuacha mkavu, wa kunirudisha.